Siku Kumi na Mbili za Kuieleza Bombay

Jumatatu, 9 Agosti 1999

Nimerudi. Ndege ilitua saa nane mchana. Vumbi kila mahali, kiangazi kimekausha hata majani ya kando ya barabara. Vizuizi vitatu vya askari kutoka uwanja wa ndege mpaka mjini. Kila kizuizi nafungua begi. Askari wa tatu aliuliza ile karatasi nyeusi ni nini. Nikasema ni picha ya kifua cha binamu yangu, imepigwa Uhindini. Aliinyanyua kwenye jua, akaitazama kwa muda, akanirudishia kwa mikono miwili.

Binamu mwenyewe sikurudi naye. Hapo ndipo penye tatizo.

Niandike ukweli hapa, maana kwingine sitauandika. Uthmani ni mtoto wa baba yangu mdogo, fundi wa injini za dizeli hapa mtaani kwetu Buyenzi. Mlango mmoja wa moyo wake ulikuwa haufungi. Mkewe, Houda, aliuza kiwanja chao cha Carama ili akapasuliwe Bombay. Mimi nikachaguliwa kumsindikiza kwa sababu moja tu: mwaka 1983 niliwahi kukaa Bombay siku kumi na moja, nikibeba mizigo ya tajiri wangu Mhindi. Tangu hapo mtaa mzima unaniita Massoudi Bombay. Sijawahi kuwakataza.

Upasuaji ulifaulu. Siku ya safari ya kurudi Uthmani alikaa kitandani, akakataa kuvaa viatu. Nilidhani vinambana. Akaniambia, "Massoudi, hii moyo wameishona juzi. Mi siwezi kuirudisha kwenye risasi."

Kumbe alishapata kazi kwenye gereji moja karibu na barabara ya Mohammed Ali. Nilibishana naye mpaka teksi ikapiga honi. Mwisho akaniomba kitu kimoja, nimwambie Houda taratibu.

Taratibu. Nimelipima neno hilo katika ndege mbili. Mpango wangu ni huu: nitasema madaktari wamemzuia wiki tatu zaidi. Zikiisha, nitasema tatu nyingine. Mtu huzoea, kama mguu unavyozoea kiatu.

Nilimweleza mke wangu, Asiya, akinipakulia ugali na ndagala, dagaa wa ziwa letu. Akasema niende kwa Houda nikamwambie kweli kabla chakula hakijapoa. Sikufuata. Asiya hajawahi kusafiri.

Jumanne, 10 Agosti

Uwanja wa Houda ulijaa tangu asubuhi. Mama Fatouma, mama yake Uthmani, alikuwa juu ya mkeka, miguu imevimba. Nilimpa shali nyeupe aliyotumiwa na mwanawe. Akaomba kuona picha ya kifua. Akauliza moyo uko wapi. Sikujua. Nilionyesha mahali peupe kuliko pengine. Akapabusu.

Mirindi akasema pale ni bega.

Huyu Mirindi ni mkimbizi kutoka Bukavu, mwenye kabini ya simu hapo kona. Anavaa tai hata akiwa anamenya muhogo. Watu wanamheshimu kwa sababu ya ile tai, na kwa sababu sauti zote za ndugu zao walio mbali zinapitia mezani kwake.

Nikasema wiki tatu. Houda akauliza daktari anaitwa nani. Hilo sikuwa nimelitayarisha. Nikaanza kueleza mvua.

Mvua ilifaa sana. Niliwaambia kwamba huu ndio msimu wake kule, maji yanafika magotini, na watu wanakwenda kazini viatu mkononi, suruali zimekunjwa, wala hakuna anayelalamika. Nikaingia kwenye treni. Milango yake haifungwi. Wanaume wananing'inia nje kama ndizi kwenye mkungu, na bado kuna anayesoma gazeti. Kisha nikaeleza kwamba mji wenyewe umebadilishwa jina tangu nilipoondoka, sasa serikali inauita Mumbai, hata stesheni kubwa imepewa jina jingine. Niliongea kana kwamba walipaswa kuniuliza kwanza.

Sikuwaambia kwamba nyumba ya wageni niliyoijua 1983 sasa inauza viatu vya plastiki. Wala kwamba mimi, msindikizaji, nilisimama njia panda saa nzima mvuani nikiuliza barabara ambayo nayo ilikuwa na jina jipya. Uthmani, mgonjwa, ndiye aliyenishika mkono akanivusha.

Mirindi akasema Kinshasa ni kubwa zaidi. Nikamuuliza kama Kinshasa imewahi kupewa jina jipya. Akajibu ndiyo, zamani iliitwa Léopoldville.



Jumatano, 11 Agosti

Mirindi alikuja dukani kwangu, nilipokuwa napanga vipuri. Mpole kupita kiasi. Akasema kwa kuwa mama wa watu ana wasiwasi, yeye yuko tayari kupiga simu hospitali ya Bombay kwa gharama yake mwenyewe. Nimpe tu namba.

Kukataa ilikuwa haiwezekani, mafundi wawili walikuwa wanasikiliza. Nikampa namba ya duka alilokuwa nalo tajiri wangu wa zamani kule Bombay, ya mwaka 1983, ambayo nimeishika kichwani kama sura ya Kurani. Nilijua duka lilishafungwa. Nilijisifu kidogo moyoni.

Saa kumi alirudi. "We Massoudi, nimepata laini. Ile hospitali yako inauza mataulo."

Nikasema hospitali kubwa zina kila kitu. Mafundi waliinamia kazi. Mmoja alikuwa anatikisika mabega.

Ijumaa, 13 Agosti

Wakati wa hotuba msikitini milima ilianza kunguruma. Si mvua, kwetu ni kiangazi; ni mizinga. Hakuna aliyegeuza kichwa. Imamu aliongeza sauti kidogo, basi. Miaka sita ya vita sasa tunafanya hivyo, tunaongeza sauti.

Baada ya sala imamu alitaka tumwombee Uthmani. Mzee mmoja akauliza swali la haki kabisa: kama upasuaji umefaulu, wiki tatu za nini? Macho yote kwangu. Nikasema kuna maji kidogo kwenye mapafu. Nikaona wananitazama kwa huruma, na huruma hiyo ilinipa nguvu. Nikaongeza kwamba huenda wakamfungua tena.

Sijui kwa nini niliongeza. Lile la maji lilikuwa linatosha.

Habari ilifika kwa Mama Fatouma kabla mimi sijavaa viatu. Asiya alikuwa huko, ndiye aliyenieleza. Mama hakulia. Aliisukuma sahani, akajifunika ile shali, akageukia ukuta. Tangu mchana hajatia kitu mdomoni, hata maji. Asiya amenieleza yote haya bila kunitazama, kisha akalala na watoto.

Jumamosi, 14 Agosti

Mama Fatouma bado hali. Nilikwenda asubuhi kuurekebisha mpango. Nikasema imamu alinisikia vibaya, maji yalikuwa ya mgonjwa wa kitanda cha pili. Mama akaniambia, kwa sauti ndogo, kwamba mimi ni mtoto mzuri lakini sijui kudanganya, tangu udogo. Akaamini kwamba ninamficha mabaya zaidi. Yaani nilipofika hapo, hata ukweli haukuwa na nafasi.

Houda alileta uji, akasimama mlangoni na bakuli. Nikaona macho yake, na kwa mara ya kwanza sikupata la kubuni. Basi nikasema lililokuwepo.

Nilimweleza Mama Fatouma usiku wa kwanza Uthmani alipotoka hospitali. Tulikwenda kutafuta chakula, saa nne ya usiku. Mvua ilikuwa imekatika. Barabara imejaa watu: wanawake wamekaa mbele ya duka wanajaribu bangili, mmoja baada ya mwingine, hawana haraka. Watoto wanakula barafu. Mzee amelala juu ya mkokoteni wake, mdomo wazi. Uthmani alisimama katikati ya watu akaniuliza nani anawalinda hawa. Nikatazama. Hakukuwa na mtu. Polisi mmoja tu, naye alikuwa anakula karanga. Uthmani akakaa kwenye ngazi ya duka. Hakutaka kuondoka pale mpaka maduka yakafungwa.

Mama akauliza barafu ya rangi gani. Nikasema nyekundu, na nyingine ya kijani. Akauliza kama Uthmani alikula. Nikasema alikula mbili. Hilo pia ni kweli.

Akanywa vijiko vitatu vya uji.

Sikumwambia yaliyofuata. Asubuhi ya safari, kabla teksi haijaja, nilimpeleka Uthmani kwa mwenye gereji nikitegemea atamtisha. Mzee yule alituonyesha ukuta wenye masizi. Akatueleza kwamba hata kule kwao watu walichomana, mwezi wa kwanza wa 1993, majirani kwa majirani. Nikamgeukia Uthmani nikamwambia unasikia, mwaka uleule wa kwetu, hakuna tofauti. Akasema anasikia. Kisha akamwuliza mzee yaliisha lini. Mzee akahesabu kwenye vidole, akasema mwezi wa tatu.

Uthmani akanitazama tu. Nikaanza kueleza kitu kingine.

Jumapili, 15 Agosti

Wakatoliki wana sikukuu, kengele zimelia asubuhi yote. Nimefunga duka nifanye kazi ya akili.

Mpango mpya, na huu hauna tundu: barua. Kutoka kwa daktari mkuu, kwa Kifaransa, kwamba mgonjwa anaendelea vizuri mno lakini sayansi inamhitaji. Nimeiandika mara nne. Daktari nimempa jina la muuza viungo wa 1983. Nimetafuta stempu ya Uhindini nikakosa, nikakata picha ya tembo kwenye pakiti ya chai. Muhuri nimeupiga kwa kizibo cha chupa ya mafuta ya injini.

Asiya aliingia kutafuta mkasi. Akaisoma barua yote, amesimama. Akauliza madaktari wa Uhindini wanakosea Kifaransa kama mimi kwa sababu gani. Nikajibu kwamba wao ni watu wa Kiingereza. Akachukua mkasi wake.

Mlangoni akasema jambo moja tu, kwamba Houda leo baada ya adhuhuri alivaa vizuri akaenda kona, akarudi macho mekundu. Nikasema ni vumbi.

Jumatatu, 16 Agosti

Sina hamu ya kuandika lakini niandike.

Nilimpelekea Houda barua. Alikuwa uani, anachambua ndagala, anatoa mawe na majani. Nilikohoa, nikakunjua, nikasoma mstari wa kwanza.

"Shemeji, kaa," akasema. "Iyo barua iweke. Uthmani alinipigia."

Nikauliza lini.

"Jumapili ya juzi, kabla we hujafika. Na jana tena. Kwa Mirindi."

Kabla sijafika. Yaani nilipokuwa napita kile kizuizi cha tatu na picha ya kifua, mwanamke huyu alishajua kila kitu. Siku nane nimeeleza mvua, treni, mapafu ya watu. Nikamwuliza kwa nini aliniacha niongee. Nilimwuliza kwa ukali kidogo, nakiri, kama mimi ndiye niliyedanganywa.

Hakuacha kuchambua. Akasema kwenye simu Uthmani analia, dakika zinaisha, haelezi kitu. Yeye alitaka kujua mume wake anapita njia gani asubuhi, anaona nini, kama kuna tope, kama watu wanamwamkia. "We ndiye ulikuwa na maneno," akasema.

Kisha akauliza, "Lile la bangili ni kweli? Wanawake wananunua saa nne ya usiku?"

Nikasema ni kweli.

"Na hakuna anayewasimamisha."

Nikasema hakuna.

 Samaki walikuwa wanapita mikononi mwake kama kawaida, wabovu huku, wazuri huku. Akaniambia Uthmani anataka amfuate. Amekataa. "Mama atabaki na nani? Hata kwenda chooni anashika bega yangu." Nikasema kiwanja cha Carama, jasho lake lote. Akasema aliuza kiwanja ili mutu apone, na amepona. Sauti yake haikutetemeka. Mimi ndiye niliyetafuta leso.

Akanipa masharti. Mama Fatouma asijue kwamba mwanawe amekataa kurudi, si sasa, miguu imefika hapo ilipofika. Atakuwa anasomewa barua ya Uthmani, moja kwa mwezi. Nitaandika mimi, kwa sababu mwandiko wa Houda mama anaujua. Salamu, afya, dua. Mambo matatu.

"Usiongeze kitu, shemeji. Apana hata kimoja."

Nikaapa. Nilipoondoka nilikuwa nimesahau kuichukua ile barua ya daktari. Mtoto wa jirani ameshabandua tembo.

Jumanne, 17 Agosti

Nilikwenda kwa Mirindi kumkabili. Nimejiandaa kwa maneno makali: usaliti, ujirani, mataulo. Alikuwa peke yake ndani ya kabini, tai imelegea. Nikamwuliza kwa nini alinifanyia mchezo wa namba wakati alijua.

Akasema siku ile alitaka nichoke mwenyewe niseme kweli, aibu iwe ndogo. Nikasema hiyo si kazi yake. Akakubali si kazi yake. Kisha akaniambia, kwa utaratibu kabisa, kwamba ana mke na watoto wawili waliopoteana naye njiani wakikimbia mwaka 96, na kwamba alifungua kabini hii ili namba yake ijulikane. Watu wote wa Buyenzi wameshapigiwa simu pale. Yeye bado.

 Nikamwambia Bombay kuna kabini kila kona, zina rangi ya njano. Akasema ahsante.

Nyumbani nilijaribu kumchukia tena, kwa sababu ya lile la bega. Haikufika mbali.

Ijumaa, 20 Agosti

Barua ya kwanza. Niliiandika jana, ukurasa mmoja, safi, bila stempu ya chai. Tulisema imeletwa na abiria. Houda aliikagua. Salamu, afya, dua. Akakunja vizuri, akanirudishia.

Nilisoma baada ya sala. Mama Fatouma alikaa wima, akaufunga mdomo wake kwa ncha ya shali. Nikasoma mpaka amina. Kila kitu kilikuwa sawa. Kama ningeinuka wakati ule ningekuwa mtu mwingine.

Mama akasema, "Soma tena, mwanangu. Sikushiba."

Nikasoma tena. Barua ilikuwa fupi. Nilipofika kwenye dua nikaona uso wake unanisubiri, kama mtu anayetazama sufuria akijua chini kuna kipande. Karatasi ilikuwa imeisha. Ulimi ukaendelea. Nikasoma, mahali pasipo na maandishi, kwamba akipata ruhusa ya madaktari, inshallah, Idi atasali pamoja nasi.

Mama Fatouma aliinuka. Peke yake, kwa mkono ukutani, bila bega la mtu. Miezi hatujaona hivyo. Akasema chumba cha Uthmani kina masizi, haiwezekani mtu mwenye moyo mpya alale mle, kipakwe chokaa leo leo. Akamwambia Houda avunje kibubu chake, akanunue ya kutosha na dari.

Houda alinitazama. Nilitazama barua.  Alichukua ndoo, akajifunga kanga kiunoni, akatoka kwenda dukani, akarudi, na mpaka naondoka nilimsikia anasugua ule ukuta.

Asiya hajanisemesha tangu jioni. Watu hawaoni matokeo. Bibi ambaye juma lililopita alikuwa hali, leo kasimama, na ni mstari mmoja tu uliomsimamisha, tena haukuandikwa. Nani mwingine hapa angeweza?

Idi ni mwezi wa kwanza. Miezi minne na zaidi, muda wote huo mtu mwenye akili hakosi sababu. Ikikaribia nitasema treni zimegoma. Mama Fatouma hajui kwamba kutoka Bombay haiji treni. Mirindi anajua, lakini kwa Mirindi nimeshafikiria kitu.